Simu Isiyo na Jicho

Jumatatu, 1 Juni 1998

Khalfani karudi kutoka Dubai. Leo jioni amekuja hapa Tandika na mkewe, binti yangu Munira, akaniwekea mezani vitu viwili: simu ya mkononi, na kamera ndogo inayojiamulia kila kitu yenyewe. Atauza vya namna hii dukani kwake Kariakoo. Anataka nivijaribu mpaka mwisho wa wiki ya tatu.

"Baba, wewe miaka yote umelipwa kwa kutafuta makosa ya watu," kasema. "Nitafutie na humu. Mteja akiniuliza kasoro, mie nisibabaike."

Nimecheka. Ni kweli. Tangu nilipofika Dar mpaka nilipostaafu nilisoma prufu, zile karatasi za majaribio kabla ya kuchapwa, kwenye kiwanda cha uchapaji, kalamu nyekundu mkononi. Mpaka leo siwezi kusoma kibao cha genge bila kukisahihisha moyoni.

Alipokuwa anavaa viatu ndipo aliposema, kama mtu anayekumbuka mwavuli. Kule Dubai alilala chumba kimoja na mfanyabiashara wa Malindi. Katika mazungumzo akamwambia mkwe wake ni mtu wa Mtangani, bara ya Lamu. Yule akasema: mtaani kwetu yupo bibi wa Mtangani. Kila mtu atokaye kusini, bibi humuuliza kama amemwona ndugu yake Mudathir. Jina lake Hamisa binti Shomari.

Nilikaa chini. Kiti kilikuwapo, nashukuru.

Hamisa! Dada yangu. Mashifta, wale waasi wa mpakani, walipochoma kijiji sisi wanaume tulikimbilia porini, wanawake wakapanda mashua. Tukaambiwa mashua ilizama. Nilikuwa kijana. Nimemwombea kama maiti kila mwaka. Na muda wote huo yuko Malindi, anauliza watu!

Chini ya nyumba yake kuna duka lenye simu. Khalfani anayo nambari, kaiandika nyuma ya risiti. Kaniachia pale mezani, karibu na simu, kama chumvi na pilipili.


Jumanne, 2 Juni

Simu kwanza. Nianze na jambo ninaloliweza.

Uzito wake ni wa kitabu kidogo cha jalada gumu. Inakaa vizuri mkononi, lakini mfukoni inavuta kanzu upande mmoja, natembea kama nimeibiwa bega. Vibonyezo ni vya mpira, vidogo kuliko vidole vya mtu mzima. Kila kimoja kina herufi tatu zilizobanwa kama abiria. Kioo kina mwanga wa kijani, mzuri sana gizani, haufai kitu juani. Maneno yake yote ya Kiingereza. Nimeitafuta lugha yetu ndani yake, haimo. Hilo nimelihesabu kosa la kwanza.

Kosa la pili: ndani ya nyumba haishiki mtandao. Uani haishiki. Barabarani inashika na kuachia. Apolinari, jirani yangu, kaniita nipande kwake. Nyumba yake ina ghorofa isiyokwisha; sakafu ipo, kuta hakuna, nondo zimesimama pembeni na kamba za nguo zimefungwa kwenye nondo. Pale juu inashika. Unaona winchi za bandarini upande mmoja, na upande mwingine vilima vya Pugu, vya buluu, kama vimechorwa na mtu aliyekuwa anasinzia.

Apolinari alikuwa mpanga chapa pale pale kiwandani. Yeye alipanga herufi, mimi nikamrudishia makosa. Hajanisamehe.

"Mzee wa prufu!" kanipigia kelele kutoka chini. "Leo unawasahihisha kunguru?"

Sikupiga. Nilikaa kati ya mashuka ya Apolinari, simu imewaka, mpaka mashuka yakakauka.


Alhamisi, 4 Juni

Nimepiga.

Mlio wa mbali, kama chura ndani ya mtungi. Mwenye duka kapokea, kaita juu. Akaja msichana, Najma, mjukuu wake Hamisa. Sauti safi, ya haraka. Nikamweleza. Akasema, "Babu, usikasirike nikikwambia."

Hamisa haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Na zamani, Najma hajazaliwa lakini macho ya dada yameshafunga ukungu, alikuja mtu Malindi akasema yeye ndiye Mudathir. Dada akampokea, akamlaza kitandani kwake, akampikia. Yule mtu akaondoka alfajiri moja na bangili za mama yetu. Tangu hapo mtu akisema "Mudathir yuko hai", bibi anatoka chumbani.

Yaani anauliza watu, lakini hataki kujibiwa. Ninamwelewa. Ninamwelewa vizuri mno.

Najma ana akili. Kasema: tuma picha, babu. Sie tutamwangalilia. Mudathir wa kweli ana kovu kwenye kipaji, juu ya jicho la kulia, alianguka juu ya mbuzi ya nazi. Yule mwizi hakuwa nalo, majirani walisema baadaye. Bibi aliogopa kumpapasa uso siku ya kwanza, na siku ya pili aliona haya.

Nimegusa kovu langu. Lipo. Jembamba, laini, kama mshono wa kofia.


Ijumaa, 5 Juni

Baada ya swala, kamera.

Nakumbuka mpiga picha wa zamani, na kitambaa chake cheusi kichwani: kaa hivi, inua kidevu, usipumue. Ulikuwa unaogopa kidogo, na woga huo ulionekana kwenye picha kama heshima. Hii haikuogopeshi. Unabonyeza, inanguruma kidogo, inajivuta mdomo, inaamua. Haikuulizi. Kwa mtu mwenye haraka ni vizuri. Kidirisha cha kuchungulia hakilingani na picha yenyewe, kwa hiyo unaweza kumkata mtu sikio huku unaona yuko mzima. Na imewekwa iandike tarehe pembeni kwa rangi ya chungwa; tarehe yake ni ya mwaka ambao haujafika. Nimejaribu kuirekebisha kwa ncha ya pini. Ikaenda mbele zaidi.

Apolinari ndiye aliyenipiga, pale pale juu. Nilivua kofia ili kovu lionekane.

"Tabasamu basi! Unatuma posa au unatuma maiti?"

"Piga tu, Apolinari."

"Napiga. Lakini sura hii mwenyewe unaijua. Mie simo."

Flashi ilipiga jua likiwaka! Mchana kweupe! Mpaka sasa naona doa la zambarau ninapofumba macho, na ndani ya doa kuna kitu kama uchochoro wa kwetu, mweupe, na mlango uliofunguliwa nusu.


Jumapili, 7 Juni

Munira kaleta picha, zimesafishwa Kariakoo. Karatasi nzuri, nene. Rangi za nguo zimetoka kuliko nguo zenyewe. Macho yangu mekundu kama ya popo. Na kipaji changu kinang'aa kama sahani ya bati. Laini. Hakina kitu.

Kovu halipo! Mwanga umelifuta. Nimetazama kwa miwani, nimetazama kwa lensi yangu ya kazini. Si rafu, si kivuli. Kamera imenisahihisha.

Zipo nyingine ambazo Apolinari aliziba flashi kwa kidole, kama nilivyomwelekeza. Humo yumo kidole cha Apolinari, mkubwa, wa waridi, na nyuma yake mimi kama mwezi uliopatwa.

"Baba, hii safi, umependeza," kasema Munira, kashika ile ya sahani ya bati. "Umekuwa kijana."

Sikutaka kuwa kijana. Nilitaka kuwa na kovu.

Yule mfanyabiashara wa Malindi yuko mjini, kesho anaondoka. Hakuna wakati wa mkanda mwingine. Nimempa Khalfani hiyo hiyo.


Jumamosi, 13 Juni

Nimepanda kwa Apolinari, nimepiga. Najma kasema picha imefika. Wameitazama mtaa mzima. Hawaoni kovu. Mmoja anasema lipo, mwingine anasema ni vumbi la karatasi. Bibi alikaa anawasikiliza, kisha akaichukua picha, akaipitisha kidole. Laini. Akasema karatasi ni karatasi.

Lakini kakubali kunisikia sauti. Mara moja tu. Kesho baada ya alasiri. "Akinena, nitamjua," ndivyo alivyosema.

Usingizi hautakuja, najua. Si kitu. Nitamsikia dada yangu.


Jumapili, 14 Juni

Niandike polepole.

Mtaa ulikuwa kimya. Vijana wote wako kwenye runinga, Kombe la Dunia. Munira kanishikia mkono kwenye ngazi. Betri imejaa, vistari vyote. Upepo kidogo. Nilisafisha koo langu kama mwimbaji.

Nikasikia kiti kinavutwa. Nikasikia pumzi.

"Nena. Nakusikia."

Sauti ya mama! Si inayofanana, ile ile. Nilikuwa nimesahau kwamba mama yangu alikuwa na sauti.

Nikasema: Shikamoo, dada. Mimi ndimi Mudathir, mdogo wako. Nashukuru Mungu kwamba uko hai. Nilisema maneno mengi mazuri, nilikuwa nimeyaandaa wiki nzima. Yalipangika kama safu ya gazeti.

Nikasikia anamwambia Najma pembeni: "Huyu si mtu, huyu ni taarifa ya habari."

Najma akacheka kwa aibu. Mimi pia nilicheka, nikidhani mambo yanalainika. Dada akarudi kwenye simu, na sauti yake ilikuwa imeshuka, kama mtu anayeinama kuokota kitu.

"Haya. Kama u Mudathir, wakumbuka tukiteza na mtanga, nyuma ya nyumba ya—"

Nami nikasema—ewe Mola—nikasema, haraka, kwa furaha, kama ninavyosema kila siku ya maisha yangu:

"Tukicheza na mchanga, ndiyo!"

Kimya. Simu hii ina kasoro moja ambayo sikuwa nimeijua: kimya chake ni kikavu. Simu za zamani zilikuwa na mvumo ndani yake, ulijua yupo mtu. Hii ikinyamaza unadhani dunia imezimwa.

"Mimi nimenena mtanga," dada kasema. "Wewe wanirudi maneno? Ndugu yangu hana mchanga. Ndugu yangu alizawa mtangani, akalala mtangani. Mimi nimezeeka mato. Mashikio yangu mazima."

Akaweka simu chini. Si kwa hasira. Taratibu, kama mtu anayeweka kikombe.

Munira kaniuliza, "Kasemaje, baba?" Nilimwambia betri imeisha. Kaitazama simu, ina vistari vyote. Kaanua nguo za Apolinari, moja moja, kazikunja.


Jumatatu, 15 Juni

Mchanga. Mtanga.


Jumatano, 17 Juni

Nilipokuja Dar nilisema "mato" kwa macho, "mtele" kwa mchele, "ndoo" kwa njoo. Vijana wa kiwandani walileta ndoo tupu kila nilipomwita mtu! Apolinari alikuwa wa kwanza. Nilicheka nao. Kisha nikajifunza. Kisha nikawa ndiye ninayewafunza. Neno la kwetu likitokea kwenye prufu, barua kutoka Tanga, shairi kutoka Mombasa, nalikata kwa wekundu, naandika pembeni lile la kitabuni. Mchanga. Mchanga. Mchanga. Nilikuwa hodari. Hata kijiji changu, kwenye kitambulisho, karani aliandika Mchangani, na mimi mwenyewe niliona kapatia.

Leo nimekaa juu kwa Apolinari kuyatafuta. Nayasema kwa sauti, kwenye simu iliyozimwa, watu wasidhani nimerukwa na akili. Yana kwa jana. Yua kwa jua. Ndia kwa njia. Kitwa. Tini. Nde. Yanatoka magumu, kama meno ya mtu mwingine.

"Unaongea na nani?" Apolinari kaja na chai.

"Na mimi."

"Na wewe unakujibu?"

"Bado."

Kakaa chini, kapuliza chai. Kasema yeye pia akienda kwao Moshi wajukuu wa kaka yake wanamwita Mswahili. "Hapa naitwa Mchaga, kule naitwa Mswahili. Basi nimejenga ghorofa, nikae katikati." Tukacheka mpaka chai ikamwagika.

Mchana nililala, nikaota. Simu ilikuwa mkononi mwangu, na pale nyuma, chini ya antena, ilikuwa imefumbua jicho. Jicho moja la mviringo, maji maji, kama la samaki mpya. Halikuwa la kutisha. Nililielekeza kwenye kipaji changu, na ng'ambo ya pili dada akasema, ah, lipo. Nikazungusha nikamwonyesha winchi, nondo, Pugu. Akauliza maswali kama mtu aliyekaa dirishani. Kisha nikataka nimwone yeye, nikageuza kioo, na kwenye kioo kulikuwa na mchanga tu, mweupe, umepigwa mistari na upepo.

Nimeandika mchanga. Hata ndotoni.


Ijumaa, 19 Juni

Khalfani kaja kuchukua maoni yangu. Nimemwambia yote. Kamera: nyepesi, rahisi, mtu yeyote ataiweza, picha zake zinapendeza, lakini inapendezesha mno. Inaondoa alama. Mtu anayetaka ukumbusho wa harusi anunue. Mtu anayetaka kutambuliwa, hapana. Simu: ngumu kuisoma, inachagua mahali pa kuishi, betri yake hodari, sauti inafika nzima, lakini sauti peke yake. Haichukui uso, haichukui harufu, haichukui mkono.

"Baba, hiyo si ishu ya simu," kasema. "Hiyo ni ishu ya umbali."

Kijana huyu si mjinga.

Kasema pia simu imepata mteja, mama mmoja wa Kawe. Jumapili jioni atakuja naye aichukue hapa hapa. Nikasema sawa. Nilisema haraka.

Alipoondoka nikapanda, nikampigia Najma. Kasema bibi hataki. Amekataa hata kupita karibu na duka. Lakini jana, kasema Najma, akiwa anachambua mchele, akauliza kwa ghafla: yule mtu wa redio, bado yupo?

Moyo wangu!

"Umpe salamu gani, babu? Niambie nimwambie."

Nilikuwa na mengi. Mbuzi ya nazi. Nyumba iliyokuwa mbele ya kwetu. Mama, jinsi alivyokaa mlangoni akitusuka. Yote yanaweza kuwa ya mwizi aliyeuliza vizuri. Nikasema:

"Mwambie: mtanga."

"Mtanga tu, babu?"

"Mtanga tu. Na nambari ya simu hii, mwambie ni mpaka Jumapili."

Sijui kama ni jibu. Kazini, nikikata neno kisha nikagundua mwandishi alikuwa sahihi, kulikuwa na alama yake: unaweka vidoti chini ya neno, mstari mzima, maana yake liachwe lilivyokuwa. Mpanga chapa anaelewa. Apolinari alikuwa akiviona vidoti vyangu anapiga kelele kiwanda kizima kisikie: "Leo kakosea! Leo Mudathir kakosea!"

Havikuwa vingi, vidoti vyangu. Ningeweka vingi zaidi.


Jumapili, 21 Juni

Niko juu. Nimekuja na daftari ili mikono ipate kazi. Apolinari kaniwekea kiti karibu na nondo za kona, pale mtandao unapokaa vizuri. Hajaleta utani leo. Kaniuliza tu kama nataka mto wa mgongo.

Simu iko kwenye goti langu. Betri imebaki kistari kimoja. Chaja iko kwa Khalfani, kaichukua Ijumaa kwa kusahau, au kwa ajili ya mteja. Najizuia kubonyeza kitu chochote, kila mwanga unakula.

Asubuhi haikulia. Mchana haikulia. Baada ya alasiri ililia mara moja, nikaruka, kumbe ni Khalfani: wako njiani, baba, tumekwama kwenye mashimo ya barabara, mvua za mwaka huu zimemaliza lami. Nikamwambia asiharakishe. Nilimwambia mara mbili.

Nguo za leo ni za watoto. Suruali fupi, mashati ya shule. Zinatembea hewani bila watu. Chini mtu anakaanga samaki, mwingine anamtukana jirani kwa mapenzi, redio tatu zinasema mambo matatu. Ninasikia kila kitu kutoka hapa. Nadhani hivi ndivyo dada anavyoishi: dunia yote ni sauti, na yeye anakaa katikati akichambua, hii chuya, hii mtele.

Nimekumbuka kitu. Siku ile ya kovu, damu ilipoingia jichoni nikadhani nimepofuka. Hamisa alinibeba mpaka ufukoni, akaniosha kwa maji ya chumvi, nikapiga ukelele. Akaniambia nifumbe, na nikiwa nimefumba atanieleza vitu vyote vilivyopo, nisiogope. Akavitaja kimoja kimoja. Mashua. Mwamba. Mtanga. Mkono wangu huu. Nikawa naviona.

Teksi imesimama chini. Sauti ya Khalfani. Sauti ya mwanamke, ya kistaarabu, anauliza kama ngazi hii ina mahali pa kushika. Munira anawaambia, karibuni ndani kwanza, kuna chai, baba yuko juu anamalizia. Mungu ambariki.

Yua li juu ya Pugu.

Nimelitazama hilo neno. Mkono wenyewe umelikata, mstari mmoja, kabla sijawaza. Kalamu nyekundu ndiyo niliyopanda nayo. Kisha nimeweka vidoti chini yake. Kimoja kimoja, kwa upana wa neno lote.

Munira anapanda ngazi, nazijua kandambili zake. Kioo kimewaka kijani. Inalia! Nambari ndefu, ya nje, na kistari cha betri kinapepesa. Nimebonyeza, nimeiweka sikioni kwa mkono wa kushoto, huu wa kulia unaandika bado, haujui kuacha. Upande wa pili kuna pumzi. Ile ile ya Jumapili iliyopita. Kinywa changu ki wazi, na dada ananisubiri, nami naanza na kilicho karibu—nondo, mashati ya watoto, yua—